Somo: Chaneli ya IBM MQ Isiyojiwasha Yenyewe, na Namna ya Kuipata Sababu Kabla ya Kuiwasha kwa Mkono

Somo hili linahusu tatizo linalowasumbua wengi wetu tunaotunza mifumo ya vyama vya akiba na mikopo hapa Moshi na Arusha. Chaneli ya IBM MQ (programu ya kupitisha ujumbe kati ya mifumo kwa kutumia foleni) ya kupeleka ujumbe Dar es Salaam, ambayo kwa miezi mingi imekuwa ikijiwasha yenyewe kila kazi inapoingia, siku moja inakaa kimya huku ujumbe ukirundikana kwenye foleni ya kupitishia, yaani mahali unaposubiri kutumwa. Desturi ya wengi ni kutoa amri ya START CHANNEL, kuona foleni inapungua, kisha kurudi kwenye kazi nyingine. Naomba tuiache desturi hiyo, kwa sababu amri inayoiwasha chaneli iliyosimamishwa ndiyo pia inayorudisha sifa za foleni mahali pake, na kwa hiyo inafuta sehemu kubwa ya ushahidi tuliouhitaji.

Kwanza tuelewe kichocheo, yaani ishara inayoiamsha chaneli, kinavyofanya kazi. Fikiria ghala la chama cha msingi wakati wa msimu wa kahawa, ambapo mtunza ghala amepewa agizo moja tu: gunia la kwanza likiingia ghala likiwa tupu, aite lori. Gunia la pili haliitiwi lori, wala la mia. Lori likishindwa kufika, magunia yatapanda hadi darini na mtunza ghala hataita tena, kwa kuwa ghala halijapata kuwa tupu. Foleni yenye TRIGTYPE (aina ya kichocheo) ya FIRST huenda hivyo hivyo: ujumbe wa kichocheo hutolewa idadi inapotoka 0 kwenda 1. Upo muda wa kuchochea upya, unaoitwa TRIGINT, lakini thamani yake ya awali ni milisekunde 999999999, yaani zaidi ya siku 11, na hakuna mwanachama atakayeisubiri miamala yake kwa muda huo.

Hatua ya kwanza, kabla ya kugusa chochote, ni kusoma hali ya chaneli kwa amri ya DISPLAY CHSTATUS na kuiandika. Majibu yanayotuhusu hasa ni matatu. Ikiwa hakuna hali yoyote inayoonyeshwa, chaneli haiko kazini na inasubiri kuchochewa, kwa hiyo kosa litafutwe upande wa kichocheo. Ikiwa ni RETRYING, kichocheo hakihusiki kabisa: chaneli inajaribu yenyewe kuufikia upande wa pili, na tatizo liko kwenye mtandao, kwenye kisikilizi cha mbali (programu inayopokea miunganisho upande wa pili) au kwenye makubaliano ya pande mbili.

Jibu la tatu, STOPPED, ndilo ninalotaka tukae nalo, maana ndilo linalowapotosha wengi. Chaneli ya kutuma inapoingia katika hali hii, foleni yake ya kupitishia huwekwa GET kuwa DISABLED (ujumbe hauwezi kuchukuliwa) na uchochezi huzimwa. Kuanzia hapo, hata ujumbe elfu moja ukiingia, chaneli haitaamka mpaka mtu aiwashe. Kuna njia mbili kuu za kufika huko. Ya kwanza ni mtu kutoa amri ya STOP CHANNEL, pengine kwa matengenezo ya Ijumaa jioni, kisha akasahau. Ya pili ni chaneli kumaliza majaribio yake. Kwa thamani za awali hujaribu mara 10 kila baada ya sekunde 60, kisha huendelea kila baada ya sekunde 1200 kwa mara 999999999, jambo ambalo kwa matumizi ya kawaida halina mwisho. Lakini katika ofisi moja niliyowahi kuihudumia, mtu alikuwa amepunguza LONGRTY (idadi ya majaribio hayo ya sekunde 1200) hadi 5 ili kumbukumbu za makosa zisijae. Dakika 10 za mwanzo ukijumlisha na dakika 100 zinazofuata hazifiki hata saa mbili. Waya wa mtandao ulikatika usiku, ukatengenezwa asubuhi, na chaneli ilikuwa imeshakata tamaa zamani.

Hatua ya pili ni kusoma faili la AMQERR01.LOG katika saraka ya makosa ya meneja wa foleni (programu inayosimamia foleni na chaneli), ukianzia saa ambayo ujumbe wa mwisho ulipita. Ukikuta AMQ9526, namba za mfuatano za pande mbili hazilingani, mara nyingi kwa sababu upande mmoja umejengwa upya au umerudishwa kutoka nakala ya akiba. Usikimbilie RESET CHANNEL, amri ya kuweka upya namba hizo, kabla ya kuhakikisha kwamba hakuna fungu la ujumbe lililobaki na mashaka, yaani lisilojulikana kama limepokelewa, la sivyo malipo yanaweza kupotea au kwenda mara mbili.

Hatua ya tatu ni kukagua foleni ya kupitishia yenyewe. Sifa ya TRIGGER iwe imewashwa, GET iwe ENABLED, na INITQ (foleni inayopokea vichocheo) iitaje SYSTEM.CHANNEL.INITQ. Katika TRIGDATA liwepo jina la chaneli, herufi kwa herufi, kwani herufi kubwa na ndogo hutofautishwa. TRIGDATA ikiwa tupu, kianzisha chaneli (programu inayosoma vichocheo na kuwasha chaneli) hutafuta chaneli yoyote inayotumia foleni hiyo, na kama zipo mbili kinaweza kuiwasha ile usiyoikusudia. Angalia pia IPPROCS (idadi ya walioifungua ili kuchukua ujumbe) ya foleni hii: programu nyingine ikiwa imeifungua ili kuchukua ujumbe, kichocheo cha aina ya FIRST hakitolewi.

Mwisho, kagua SYSTEM.CHANNEL.INITQ. IPPROCS yake ikiwa 0, hakuna anayesikiliza, kwa hiyo kianzisha chaneli hakifanyi kazi na kinahitaji amri ya START CHINIT. Angalia kama SCHINIT ya meneja wa foleni (sifa inayosema kianzisha chaneli kiwashwe vipi) imewekwa MANUAL, kwa kuwa hapo kila umeme ukikatika na seva ikajiwasha upya, kianzisha chaneli hakitarudi chenyewe.

Maswali ya wanachama

Mwanachama wa Arusha: Mwalimu, chaneli yetu hujizima kila baada ya saa moja na dakika 40 bila kazi. Je, hilo ni kosa?

Jibu: Si kosa, ndugu yangu. DISCINT (muda wa kukaa bila kazi kabla ya kujizima) ya awali ni sekunde 6000, ambazo ndizo dakika 100 ulizohesabu. Chaneli hurudi kupumzika na ujumbe unaofuata huichochea. Ikiwa haiamki baada ya hapo, anzia hatua ya tatu.

Mwanachama wa Moshi: Je, nikibadili TRIGTYPE iwe EVERY sitaondokana na tatizo?

Jibu: Hapana, dada. Utatoa kichocheo kwa kila ujumbe wakati chaneli inahitaji kimoja tu, na chaneli iliyo STOPPED bado haitaamka.

Mwanachama wa Moshi: Basi tuisimamisheje kwa matengenezo bila kuua uchochezi?

Jibu: Katika amri ya STOP CHANNEL, taja STATUS kuwa INACTIVE. Fahamu tu kwamba ujumbe mpya unaweza kuiamsha katikati ya kazi yenu, kwa hiyo programu zinazotuma zisimamishwe kwanza.

Mwanachama wa Arusha: Nimeiwasha, ikakaa kazini muda mfupi, kisha ikasimama tena. Hatua zote tatu ziko sawa.

Jibu: Hapo wapigie wenzako wa upande wa pili. Foleni yao ikijaa na hawana foleni ya ujumbe ulioshindikana, au nayo imejaa, chaneli haina pa kuuweka ujumbe na hulazimika kusimama. Waulize CURDEPTH (idadi ya ujumbe uliomo) na MAXDEPTH (kikomo chake) za foleni zote mbili kabla ya kuiwasha tena.