Mashine ya kufulia imekufa? Mwite fundi kabla hujaenda dukani

Mashine yangu ya matangi mawili ilikata roho katikati ya masika, ndani yake mna shuka tatu za mama mkwe na maji ya sabuni yaliyokwisha poa. Mama mkwe huu ni mwaka wa pili yuko kitandani. Shuka zake zinabadilishwa kila siku, siku nyingine mara mbili, na mimi ndiye ninayezifua, hapahapa uani kwetu Chumbageni, Tanga. Mashine hiyo ikilala siku mbili na mvua haikatiki, mtu mzima wa watu analala juu ya mpira mtupu. Ndiyo maana jambo hili nililishika kwa mikono miwili, na niliyojifunza nayaandika kwa ajili ya mwenzangu ambaye yatamfika.

Shemeji alitaka kesho yake asubuhi twende mjini tukachukue nyingine. Nikamwomba asubiri. Nilimwita kwanza fundi wangu wa Ngamiani, anayenitengenezea feni na pasi miaka yote. Tuliilaza mashine juu ya gunia, akafungua kifuniko cha chini. Chini ya tangi la kukamulia kuna mota ndogo, na juu ya ile mota palikuwa na michirizi ya kutu, rangi ya chai ya mkandaa. Akaifuata michirizi kwa kidole mpaka juu kabisa, akachomoa kipira cheusi, upana wake kama mdomo wa kikombe cha kahawa. Kilikuwa kimepasuka ubavuni, ukikibana mpasuko unafunguka.

"Mota yako imeuliwa na hiki, mama," akaniambia. "Kila ukikamua, maji yanapita hapa yanaidondokea. Ilikuwa hailii?"

Ilikuwa inalia. Miezi mitatu nzima ilitoa mlio kama bawaba kavu, na mimi niliuzoea. Kipira chenyewe ni cha bei ndogo sana, na kazi ya kukibadilisha haifiki saa moja.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kuchagua mpya, ni kuijua ya zamani imekufa kwa maradhi gani. Maradhi mengine si ya mashine, ni ya nyumba. Kama ni umeme mdogo wa jioni ndio uliochoma mota, au udongo wa majini ndio ulioziba, hata ununue mashine ya bei gani, itakwenda njia ileile. Fundi akitaja gharama, ilinganishe na bei ya mpya. Mimi nikiona matengenezo yanapita nusu ya bei hiyo, naiachia. Yangu ilihitaji mota, kipira na mkanda, na bolti za chini zote zimeliwa na chumvi ya upepo wa bahari. Niliiachia. Lakini taima na mpira wa kutolea maji nilivifungua nikavihifadhi, maana vilikuwa vizima.

Sasa aina. Dukani utaonyeshwa namna tatu: ya matangi mawili, ambayo unafulia upande mmoja na kuhamishia nguo upande wa pili kukamua, otomatiki ya mlango wa juu, na otomatiki ya mlango wa mbele, wa kioo. Muuzaji atakueleza vitufe na taa. Wewe mfikirie tangi lako la maji.

Hapa ndipo wengi tunapoumia. Otomatiki haikutengenezwa ijazwe kwa ndoo. Inafungua valvu yake na kungoja maji yaje kwa nguvu. Nguvu ya chini inayohitajika imeandikwa kwenye kijitabu chake au kwenye kibandiko cha nyuma, kwa kipimo cha MPa (megapaskali). Hesabu yake si ngumu: maji yakiwa mita 10 juu ya koki ya mashine, unapata kama 0.1 MPa. Basi mashine iliyoandikwa 0.05 inataka maji yaliyo mita 5 juu yake, na iliyoandikwa 0.03 inataka mita 3. Kijana wangu alipanda kwenye mnara wa tangi letu na futi ya fundi, akapima kutoka usawa wa maji mpaka pale koki ya mashine ingekaa: mita mbili na robo. Kwa nyumba yetu otomatiki za namna hiyo, yoyote ingebaki inangoja maji mpaka iandike kosa kwenye kioo chake na kusimama. Ungeweza kuweka pampu ndogo, ndiyo, lakini hapo umenunua mashine mbili, na umeme ukikatika zote mbili zimelala.

Na maji yenyewe yatazame. Ya hapa Tanga mjini yanatoka Mto Zigi, kwenye bwawa la Mabayani, na mvua zikikolea Usambara Mashariki huwa nakinga ndoo ya kwanza na kuiacha ituame, nione kilichobaki chini. Otomatiki ina kichujio kidogo cha wavu pale mpira wa maji unapoingilia; kikiziba, mashine inalalamika kama haina maji. Kabla hujainunua, mwambie muuzaji akuonyeshe kilipo na kinatokaje, maana utakisafisha wewe mwenyewe kwa mswaki wa zamani. Kama nyumbani mnatumia kisima chenye maji ya chumvichumvi, jua pia kwamba hita itajenga ukoko mweupe kama birika.

Baada ya maji, umeme. Wa kwetu nchini ni volti 230, hezi 50, hayo ndiyo maandishi. Fundi alikuja na mita yake saa mbili usiku, wakati kila nyumba imewasha, akachomeka kwenye soketi ya uani: 187. Mota ikipewa umeme wa namna hiyo inavuma bila kuzunguka vizuri, inapata moto, na siku moja unasikia harufu. Tukaamua mambo mawili: kufua iwe asubuhi, na kununua stebilaiza, kifaa cha kuweka volti sawa. Stebilaiza usichukue ya wati zilezile za mashine, chukua kubwa zaidi, kwa sababu mota inapoanza kuzunguka hunyonya umeme mwingi kwa ghafla. Mashine yenye bodi ya kielektroniki inahitaji kulindwa zaidi, hasa dakika ile umeme unaporudi. Ya taima ya kuzungusha kwa mkono haina bodi hiyo; umeme ukikatika inasimama, ila taima nyingi za namna hiyo ni za springi na huendelea kuhesabu, kwa hiyo ukirudi huenda ukalazimika kuizungusha tena.

Kuhusu LUKU, cha kuogopa ni hita. Hita ya wati 2,000 ikiwaka saa nzima inakula uniti mbili. Otomatiki nyingi za mlango wa mbele zina hita hiyo, na baadhi ya mizunguko yake inaiwasha bila kukuuliza, kwa hiyo hakikisha ina chaguo la maji baridi.

Kuna jambo sitaki mtu alipite. Ukiigusa mashine, miguu yako iko kwenye sakafu yenye maji, ukasikia kama mdudu anakutambaa mkononi, chomoa plagi wakati huohuo na usifue tena mpaka fundi umeme aangalie ule waya wa kijani na njano, kama kweli umefika ardhini. Kwetu haukuwa umefika. Ulikuwa umekatwa nyuma ya soketi tangu nyumba ilipojengwa, na watoto walikuwa wanafua nami hapo.

Kuhusu ukubwa, kilo zinazoandikwa ni za nguo kavu. Nilizifunga nguo zetu za siku moja, yaani shuka, foronya, doti ya kanga, kanzu ya madrasa na taulo, nikazipeleka kwenye mizani ya duka la jirani: kilo nne na robo. Fanya hivyo, usikisie. Na kwenye matangi mawili soma namba zote mbili, kwa sababu tangi la kukamulia huwa dogo kuliko la kufulia. Mtu ananunua "kilo nane" kumbe upande wa kukamua unabeba tano, kisha analishindilia blanketi na kulivunja.

Kukamua kwenyewe ni jambo kubwa kwa mtu wa pwani. Wakati wa masika shuka inaweza kukaa kambani siku mbili na bado ina unyevu, inaanza kunuka. Usidhani otomatiki lazima ikamue vizuri zaidi. Tangi la kukamulia la ile ya matangi mawili kwa kawaida huzunguka kama mara 1,300 kwa dakika, wakati otomatiki nyingi za mlango wa juu zinakaa karibu na 700. Za mlango wa mbele ndizo zinazofika 1,000 mpaka 1,400. Shuka zangu zikitoka kwenye kukamuliwa hazidondoshi hata tone, naweza kuzianika ndani ukumbini chini ya feni zikakauka kabla ya kulala.

Baada ya kupima hayo yote ndipo nilipokwenda mjini, na siku ya kwanza sikununua. Niliandika kwenye karatasi namba za modeli nne nilizozipenda, nikaenda nayo kwenye maduka ya vipuri Ngamiani pamoja na fundi. Kwa kila modeli tuliuliza vitu vitano: kipira cha chini, mkanda, taima, sahani ya kuzungusha nguo, na valvu ya kutolea maji. Modeli mbili vilikuwepo vyote, vinaning'inia ukutani kwenye mifuko ya nailoni. Ya tatu vilikuwepo nusu. Ya nne, ambayo ndiyo niliyoipenda kuliko zote kwa rangi yake, muuza vipuri aligeuza karatasi, akaisoma tena, akasema, "Hii, mama, mpaka uagize Dar." Fundi akaikata kwa kalamu palepale. Kutoka hapa Dar es Salaam ni kama kilomita 350. Kipuri kikiagizwa, mimi nafua shuka kwa mkono nikikingoja.

Fundi aliniongezea jingine la kuuliza kwa wanaotaka mlango wa mbele: tenki la nje limefungwa kwa bolti au limeunganishwa moja kwa moja kiwandani? Yapo yaliyounganishwa. Beringi ikifa, beringi ambayo ni kitu cha kubadilishwa, unalazimika kununua tenki zima.

Mtumba siupingi, ila ugeuze kwanza usome kibandiko cha nyuma. Mashine ya Japani imetengenezewa volti 100, ya Marekani volti 120 na hezi 60. Ukiichomeka kwenye soketi yetu unaichoma. Transfoma itashusha volti, hezi itaziacha vilevile. Kisha zungusha dramu kwa mkono, sikio karibu: ikikwaruza kama mchanga ndani ya kopo, beringi imekwisha. Ipandishe dramu kwa vidole juu na chini. Ikicheza peke yake bila tenki, iache.

Hata mpya iwashwe mbele yako. Ya matangi mawili, zungusha upande wa kukamulia ukiwa mtupu, kisha inua kifuniko chake bila kuingiza mkono. Umeme unatakiwa ukate na breki ikamate. Ikiendelea kuzunguka, omba nyingine, hasa kama nyumbani kuna watoto. Chungulia na chini. Kwa sisi tulio karibu na bahari nashauri bodi, yaani ganda la nje, la plastiki, maana bati huanza kutoboka miguuni.

Ile "miaka 10" iliyobandikwa mbele ya mashine mara nyingi ni ya mota peke yake. Uliza bodi ya kielektroniki ina muda gani, nani analipia ufundi, na ikiharibika inatengenezewa hapa Tanga au inapakiwa kwenye basi. Chukua risiti ya EFD na iandikwe namba ya mashine. Piga picha, kwa sababu wino wa risiti hizo hufifia.

Nilichonunua ni ya matangi mawili tena, bodi ya plastiki, moja ya zile mbili zenye vipuri ukutani. Wifi yangu wa Raskazone ana otomatiki ya mlango wa mbele, na kwake ndiyo inayofaa: tangi lake liko juu ya ghorofa, anashinda kazini, hana nafasi ya kusimama na kuhamisha nguo. Kwa pesa aliyolipa yeye, mimi ningepata mbili zangu na chenji ikabaki. Ila naye alipoiletewa ilitembea sakafuni kama inataka kutoka nje, mpaka fundi alipogundua kwamba zile bolti nne za kusafirishia hazijatolewa nyuma. Zitoe kabla ya kuwasha, na uziweke, utazihitaji siku ya kuhama.

Yangu nimeiweka juu ya safu moja ya matofali, imesawazishwa kwa pima maji, mbali na pale mvua inapodondokea kutoka kwenye bati. Nikimaliza kufua naacha vifuniko vyote viwili wazi mpaka jioni, ndani pakauke. Kipira cha akiba nilikinunua siku ileile, kiko kwenye droo ya meza pamoja na taima ya zamani, na fundi ameshajua kwamba kila masika ikiisha anakuja kuilaza juu ya gunia na kuangalia pale chini, hata kama hailii.