Mwenye kisukari, omba kipimo cha albumini kwenye mkojo

Nimekijua juzi kliniki na naona wengi hawakiombi. Ukiwa na kisukari, usiridhike na kupimwa sukari na presha tu. Angalau mara moja kwa mwaka omba kipimo cha uwiano wa albumini (protini ya damu) na kreatinini (taka ya misuli inayotolewa na figo) kwenye mkojo, na upeleke mkojo wa kwanza wa asubuhi. Aina ya 2 huanza kupimwa mara tu inapogundulika, aina ya 1 baada ya miaka 5. Figo ikianza kuumia, vichujio vyake huvujisha albumini kidogo kidogo, wakati miguu haijavimba na kreatinini ya damu bado inasoma vizuri. Hapo ndipo pa kuiwahi: kudhibiti sukari na presha, pamoja na dawa za daktari, hupunguza kasi ya uharibifu. Kitaje kwa jina, maana kile kijiti cha kawaida cha kuchovya mara nyingi hakioni kiasi kidogo hivyo. Chini ya miligramu 30 kwa gramu moja ya kreatinini ni kawaida.

Majibu yanaweza kupanda bure ukiwa na homa, U.T.I., hedhi, sukari iliyopanda sana, au mazoezi mazito ndani ya saa 24. Yakiwa juu, usihangaike na dawa za kujinunulia, rudia. Daktari hutaka yawe juu mara 2 kati ya 3 ndani ya miezi 3 hadi 6. Na kreatinini ya damu bado ipimwe, kwa sababu figo za baadhi ya watu hudhoofika bila kuvujisha chochote.