Namna ya kuifuatilia shingo katika jaribio la kuvuta metali

Fimbo ya chuma laini inapovutwa polepole kwenye mashine hurefuka na kukonda kwa usawa kwa muda mrefu, kisha mahali pamoja huanza kubonyea kama kiuno cha nyigu, na tangu hapo sehemu nyingine zote huacha kurefuka. Mahali hapo huitwa shingo. Wanafunzi wengi ninaowaelekeza maabarani huichukulia shingo kuwa dalili ya metali kuchoka, kwa sababu kani inayoonyeshwa na mashine hushuka wakati huohuo. Ukifuata hatua zifuatazo, utapima mwenyewe na kuona kwamba metali iliyo ndani ya shingo ndiyo iliyokaza kuliko metali yote iliyobaki katika kipande hicho.

Hatua ya 1: Tayarisha kipande

Kereza fimbo hadi ipate sehemu iliyonyooka yenye kipenyo cha milimita 10 na urefu wa milimita 120 hivi, ukiacha ncha mbili nene zaidi za kushikwa na taya za mashine. Mahali ncha nene inapokutana na sehemu nyembamba pawe na mviringo laini, pasiwe na kona kali. Malizia kwa msasa ukifuata urefu wa fimbo, kwa kuwa mkwaruzo unaokata fimbo kwa upana huialika shingo ije hapo, nawe hutajua kama umepima tabia ya metali au kosa la mkono wako.

Pima kipenyo katika sehemu tano au sita. Tofauti ya milimita 0.05 huonekana ndogo, lakini hubadilisha eneo la mkato kwa asilimia 1, na shingo huchagua mahali pembamba kuliko pote. Baada ya hapo weka alama za wino kila baada ya milimita 5 katika urefu wa milimita 100. Usichore kwa sindano ya chuma.

Hatua ya 2: Vuta, simama, pima

Vaa miwani ya kinga, funga kipande kikiwa kimenyooka katika mhimili wa mashine, kisha vuta kwa kasi ya milimita chache kwa dakika. Mwanzoni kani hupanda haraka, na ukiilegeza fimbo hurudi kwenye urefu wake. Chuma laini kikishavuka kikomo hicho, kani husita kwa muda huku michirizi hafifu ikitambaa juu ya uso uliong'arishwa, kisha hupanda tena taratibu.

Simamisha mashine fimbo ikiwa imerefuka kwa asilimia 10 na upime kipenyo katika sehemu zilezile ulizopima mwanzo. Kwa kuwa ujazo wa metali haubadiliki inaporefuka kwa namna hii, eneo likizidishwa kwa urefu hubaki lilelile, hivyo kipenyo kinapaswa kuwa karibu milimita 9.53 kila mahali. Usipite hatua hii kwa haraka, kwani usawa huo ndio unaohitaji kuelezwa kabla ya kuieleza shingo. Hakuna fimbo iliyo sawa kabisa. Kwa nini basi mahali palipotangulia kukonda hapakuendelea kukonda peke yake?

Jibu ni kwamba metali hukaza kadiri inavyovutwa. Sehemu iliyokonda kidogo hubeba kani kubwa zaidi kwa kila milimita ya mraba, yaani mkazo mkubwa zaidi, lakini kwa kuwa imevutwa zaidi, imekuwa ngumu kuliko majirani zake, nayo hukataa kuendelea hadi majirani waifikie. Kila upungufu unapojitokeza, huzibwa.

Hatua ya 3: Tambua wakati shingo inapoanza

Kukaza huko kuna mpaka. Kadiri metali inavyovutwa, nyongeza ya ugumu hupungua, ilhali eneo la mkato linaendelea kupungua kwa kiwango kilekile. Hufika wakati ugumu unaopatikana unatosha tu kufidia eneo linalopotea, na hapo ndipo kani hufikia kilele. Mhandisi Mfaransa Armand Considère alilieleza sharti hili mwaka 1885: shingo huanza pale kasi ya kukaza, ikipimwa kwa urefukaji halisi, inapolingana na mkazo halisi wenyewe. Urefukaji halisi ni logi asilia ya urefu mpya ukigawanywa kwa urefu wa mwanzo. Mkazo halisi ni kani ikigawanywa kwa eneo lililopo wakati huo, wala si eneo la mwanzo.

Kwa metali nyingi mkazo halisi hukadiriwa vizuri kwa kuzidisha namba K kwa urefukaji halisi uliopandishwa kwa kipeo n, ambapo kila metali ina K na n yake, na hesabu ya Considère hutoa jibu jepesi: shingo huanza urefukaji halisi unapolingana na n. Tuchukue chuma chenye K ya megapaskali 700 (megapaskali moja ni newtoni moja kwa milimita ya mraba) na n ya 0.2. Fimbo yetu itarefuka kwa usawa hadi asilimia 22 hivi, kipenyo kitakuwa karibu milimita 9.05, mkazo halisi megapaskali 507, na kani ya kilele kilonewtoni 32.6.

Hatua ya 4: Pima ndani ya shingo

Kani ikianza kushuka, simamisha mashine mara mbili au tatu na upime sehemu nyembamba kuliko zote. Tumia ncha kali za kalipa, kwa sababu uso mpana wa taya zake huegemea mabega ya shingo na kukupa kipenyo kikubwa kuliko kilichopo.

Tuseme kani imeshuka hadi kilonewtoni 27.0 na kipenyo kimekuwa milimita 7.0. Eneo ni milimita za mraba 38.5, hivyo mkazo wa wastani ni megapaskali 701. Kani imepungua, lakini mkazo umepanda kutoka 507. Sehemu ya ongezeko hilo hutokana na umbo la shingo, ambalo huivuta metali ya katikati pande zote. Mmarekani Percy Bridgman alitoa hesabu ya kuiondoa sehemu hiyo, nayo hapa hupunguza takwimu kwa asilimia chache tu. Kinachobaki bado ni kikubwa kuliko mkazo wa wakati wa kilele.

Hatua ya 5: Soma vipande vilivyokatika

Kipande kimoja mara nyingi huwa na umbo la kikombe na kingine umbo la koni. Katikati ya kikombe utaona uso uliofifia wenye vishimo: matundu madogo yaliyozuka kandokando ya chembe za uchafu ndani ya chuma, yakakua na kuungana. Ukingo wake ulikatika mwisho, kwa mshazari.

Unganisha vipande na upime nafasi kati ya alama. Katika mfano wetu, nafasi 18 zilizo mbali na shingo zimetoka milimita 5 hadi 6.1, na mbili za shingoni zimefika 9.0 na 7.2. Ukihesabu urefukaji katika milimita 25 zinazozunguka shingo utapata asilimia 38. Katika milimita 50, asilimia 30. Katika milimita 100, asilimia 26. Fimbo ni ileile. Niliwahi kuletewa ripoti mbili za chuma kilichotoka katika tanuri moja, moja ikakisifu na nyingine ikakikataa, na hakuna iliyoandika urefu wa kipimo. Saa kadhaa zilipotea kwa ajili ya namba moja iliyoachwa. Kiwango cha kimataifa cha majaribio ya kuvuta metali, ISO 6892-1, hutumia urefu wa 5.65 mara kipeuo cha pili cha eneo la mwanzo, ambao kwa fimbo hii ni milimita 50, uandike daima.

Andika pia upungufu wa eneo. Kipenyo cha mwisho kikiwa milimita 6.0, upungufu ni asilimia 64, na namba hiyo haitegemei ulichagua urefu gani.

Hatua ya 6: Linganisha na plastiki

Kata ukanda wa mfuko wa polithini na uuvute kwa vidole. Shingo itatokea, lakini haitakatika mara moja: molekuli zake ndefu zikijipanga kuelekea upande wa mvuto, plastiki ya shingoni hukaza upya kwa nguvu, na kukonda huhamia kwa majirani. Utayaona mabega mawili ya shingo yakisafiri, moja kila upande, hadi yagote kwenye vidole vyako.