Saikolojia na ualimu kwa pamoja: jinsi ya kupanga masomo yako kuanzia fomu ya KUCCPS hadi utafiti wa mwisho

Saikolojia si somo linalofundishwa katika shule zetu za sekondari hapa Kenya. Halimo kwenye KCSE, mtihani wa kidato cha nne, wala kwenye njia tatu za masomo za sekondari ya juu. Lijue hilo kabla hujafungua tovuti ya KUCCPS, shirika linalowapangia wanafunzi nafasi za vyuo, kwa sababu hapo ndipo wengi hunaswa. Mtu anapenda saikolojia, anapenda pia kufundisha, basi anadhani digrii ya saikolojia ikiongezewa elimu kidogo itamfikisha darasani. Haimfikishi.

TSC, tume ya kuajiri na kusajili walimu, inapomsajili mwalimu wa sekondari huangalia masomo mawili ya kufundishia. Inataka wastani wa C+ katika KCSE, C+ katika kila moja ya masomo hayo mawili, na transkripti, yaani hati ya alama za chuo, inayoonyesha angalau yuniti (kozi za muhula) 8 kwa kila somo. Yuniti za saikolojia, hata ziwe 20, hazihesabiwi kama somo la pili. Ndiyo maana mwenye digrii ya saikolojia tupu anayekimbilia diploma ya uzamili ya elimu hujikuta amelipa karo ya mwaka mzima na bado hana cha kufundisha.

Kwa anayetaka yote mawili, njia tunayoipendekeza ni digrii ya elimu ya miaka minne yenye masomo mawili halisi, tuseme Kiswahili na Dini, au Hisabati na Fizikia. Humo humo utasoma saikolojia ya makuzi, saikolojia ya elimu, upimaji na ushauri nasaha. Kisha unaongezea shahada ya uzamili ya saikolojia ya elimu au ya ushauri. Kwa walio Nakuru na magharibi, vyuo vya kutazama viko karibu: Egerton pale Njoro, Maseno, Masinde Muliro mjini Kakamega, Kibabii kule Bungoma, na Jaramogi Oginga Odinga huko Bondo. Usichague kwa jina la kozi. Nenda idarani, omba orodha ya yuniti za miaka yote minne, uihesabu mwenyewe kwa kalamu. Kozi inaweza kuitwa "elimu na ushauri nasaha" na ukigeuza karatasi usione somo hata moja linalofika yuniti 8. Kama lengo lako ni kuwa mshauri wala si mwalimu, kozi hiyo ni nzuri tu. Chagua ukijua.

Kuna ukuta mwingine upande wa pili. Sheria ya Washauri na Wanasaikolojia ya mwaka 2014 inamtaka anayetoa huduma hizo asajiliwe na bodi yake. Yuniti tano za ushauri ndani ya digrii ya elimu hazikufanyi mwanasaikolojia, na kibao cha ofisi ya ushauri nje ya duka la M-Pesa kitakuletea matatizo.

Wiki mbili za kwanza

Yuniti zako zinatoka idara tatu au nne tofauti, na idara hizo haziongei. Ratiba zikitoka, ziandike zote kwenye karatasi moja. Ukiona mgongano, mwandikie mratibu wa ratiba kabla usajili wa yuniti haujafungwa. Baada ya hapo utakuwa unachagua mhadhara wa kukosa kila wiki.

Hatari kubwa zaidi ni alama kupotea. Mhadhiri wa idara nyingine anakufundisha pamoja na wanafunzi mia tatu wa vitivo vingine, na alama zako zinatakiwa zisafiri kutoka kwake hadi kwenye kitivo chako. Njiani zinapotea. Katika vyuo vingi CAT, yaani majaribio ya ndani ya muhula, hubeba alama 30 na mtihani 70, kwa hiyo CAT moja isiyoonekana inaweza kukuzuia kuhitimu. Kinga yake ni ya kuchosha lakini inafanya kazi: piga picha kila karatasi ya CAT iliyosahihishwa, hakikisha jina lako limo kwenye orodha iliyotiwa sahihi siku ya mtihani, na uziweke picha hizo kwenye folda yenye msimbo wa yuniti. Dai alama muhula uleule. Baada ya miaka mitatu, mhadhiri wa muda alishahamia chuo kingine na namba yake ya simu haipatikani.

Kusoma nadharia kwa kuzitumia

Makosa ya mitihani ya saikolojia hujirudia. La kwanza ni kuchanganya uimarishaji hasi na adhabu. Kwa Skinner, mwanasaikolojia aliyechunguza tabia, kuimarisha maana yake ni kufanya tabia iongezeke, basi. Mwanafunzi aliyemaliza zoezi akasamehewa zamu ya kufagia, kisha kesho akamaliza tena, huo ni uimarishaji hasi, kwa maana umeondoa kitu asichokipenda na tabia imeongezeka. Ukimpa zamu ya ziada kwa sababu hakumaliza, hiyo ni adhabu. Neno "hasi" ndilo linalowapoteza watu. Lisome kama alama ya kutoa kwenye hesabu, usilisome kama "baya".

La pili ni kukariri umri wa hatua za Piaget, mwanasaikolojia wa fikra za watoto, kama ratiba ya treni. Vitabu husema fikra za kidhahania huanza takriban miaka 11 au 12, lakini mtoto wa kidato cha pili anaweza kufikiri hivyo katika biashara ya mama yake sokoni Kibuye, Kisumu, na asiweze katika aljebra. Fanya jaribio lenyewe nyumbani. Mimina maji sawa kwenye glasi mbili, kisha glasi moja uimimine kwenye chupa nyembamba ya soda mbele ya mtoto wa miaka mitano na wa miaka tisa. Uliza yapi mengi, halafu uliza kwa nini. Jibu la "kwa nini" ndilo lenye saikolojia, kwa hiyo liandike neno kwa neno.

Katika kujisomea, tumia alichogundua Ebbinghaus, mtafiti wa kumbukumbu, tangu 1885: kusahau huenda kasi mwanzoni, kisha hupungua. Basi rudia mada siku hiyohiyo jioni, siku ya tatu, ya saba na ya ishirini na moja, kila mara ukiwa umefunga daftari na unajiuliza maswali. Kupaka rangi mistari ya kitabu hakusaidii, ingawa kunapendeza.

TP: hapa ndipo saikolojia na ualimu vinapokutana

Mazoezi ya kufundisha (TP) huchukua takriban muhula mzima wa shule, na katika vyuo vingi ni muhula wa pili, kuanzia Mei. Tafuta shule mapema, Januari au Februari. Hesabu kodi ya chumba na nauli ya matatu kwa wiki 12 au zaidi kabla ya kukubali nafasi, na ukumbuke kwamba magharibi Mei bado ni mvua na barabara za ndani huwa matope. Maazimio ya kazi ya muhula mzima yawe tayari kabla ya wiki ya kwanza kuisha, andalio la somo liandikwe kwa kila kipindi, na rekodi ya kazi ijazwe siku hiyohiyo. Mkaguzi haji kwa miadi. Akikukuta na maandalio ya wiki iliyopita tu, hata ufundishe vizuri namna gani, alama zimekwenda.

Sasa geuza darasa hilo liwe maabara yako. Anza na jambo dogo: kimya baada ya swali. Mtafiti wa elimu Mary Budd Rowe alionyesha miaka ya 1970 kwamba walimu wengi husubiri takriban sekunde moja tu kabla ya kuita mwingine au kujijibu, na kwamba wakisubiri sekunde 3 au zaidi, majibu hurefuka na wanaojibu huongezeka. Uliza swali, hesabu moyoni "mia na moja, mia na mbili, mia na tatu", kisha ndipo uite jina. Usilitaje jina kabla ya swali, maana wengine wote wataacha kufikiri hapo hapo. Sekunde hizo tatu zitakuonekea ndefu kama ibada. Vumilia, utaona mkono wa kona ya nyuma ukipanda.

Kisha fanya uchunguzi wa kweli. Keti nyuma katika kipindi cha mwenzako, kwa ruhusa yake. Chagua mwanafunzi mmoja, mpe herufi badala ya jina. Kipindi ni dakika 40. Tega simu itetemeke kila baada ya dakika 2, na ikitetemeka, inua macho mara moja na uweke alama: yuko kwenye kazi au hayuko. Utapata alama 20. Zikiwa 13 kwenye kazi, hiyo ni asilimia 65. Mwombe mwenzako wa pili aangalie mwanafunzi huyohuyo bila kuchungulia karatasi yako. Mkikubaliana mara 17 kati ya 20 ni asilimia 85, na kwa kawaida 80 inatosha. Mkikubaliana mara 11, tatizo si mtoto, ni maana yenu ya "kazi": mmoja amemhesabu anayetazama ubao, mwingine amemdai aandike. Kaeni muandike maana hiyo upya kwa sentensi moja.

Usitoke hapo ukamwita mtoto jina la ugonjwa. Ukishuku shida ya kujifunza, peleka ulichokiona, pamoja na tarehe na idadi, kwa mwalimu wa ushauri nasaha, naye amwelekeze mzazi kwenye kituo cha EARC cha kaunti ndogo, kinachopima mahitaji ya kujifunza ya watoto. Na mwanafunzi akikuita pembeni akasema, "Mwalimu, nikwambie kitu lakini usimwambie mtu," usiahidi. Mwambie mapema kwamba jambo la kuumizwa kwa mtoto halifichwi. Namba ya bure ya watoto ni 116. Kiboko nacho kimepigwa marufuku tangu 2001, hata kama chumba cha walimu bado kina fimbo pembeni.

Utafiti wa mwisho

Punguza mada. "Sababu za matokeo duni kaunti ya Nakuru" haimaliziki. "Muda wa kusubiri jibu na idadi ya wanaojibu katika madarasa manne ya Hisabati" inamalizika kwa muhula mmoja. Kibali cha utafiti cha NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi, kiombwe mapema, kisha uripoti kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti kabla ya kuingia shuleni. Wanafunzi walio chini ya miaka 18 wanahitaji ridhaa ya mzazi na yao wenyewe. Katika shule za bweni, siku ya kutembelewa ndiyo nafasi bora ya kupata sahihi za wazazi wengi pamoja. Ukiikosa, unasubiri wiki kadhaa.

Hojaji lijaribiwe kwa takriban asilimia 10 ya sampuli, katika shule ambayo haimo kwenye utafiti. Alfa ya Cronbach, kipimo cha jinsi maswali ya hojaji yanavyokubaliana, ikishuka chini ya 0.70, usifute maswali ovyo. Tazama kwanza kama umesahau kugeuza alama za maswali yenye kukanusha, maana kosa hilo ni la kawaida mno. Programu za takwimu za bure kama jamovi na JASP zinatosha, hakuna haja ya SPSS ya wizi yenye virusi.

Ukitafsiri hojaji, mtu mmoja atafsiri kwa Kiswahili na mwingine, asiyeona la asili, airudishe kwa Kiingereza. Tofauti zitajitokeza. Chukua swali "Je, una mawazo mengi?" Mwandishi alikusudia ubunifu. Huku kwetu aliye na mawazo ni mtu mwenye dhiki, na mwanafunzi wa Kondele, Kisumu, atakujibu kuhusu karo na mama mgonjwa. Andika "Je, hubuni njia mpya za kutatua maswali?", halafu ulijaribu tena kwa wanafunzi 10 ambao hawakuliona la kwanza.