Somo: Mlipe fundi kwa maji yanayotoka, si kwa pampu inayoharibika

Ndugu zangu wa jumuiya za watumia maji, kiangazi fulani nilikaa siku tisa kwenye kisima kimoja wilayani Bahi nikimngojea mkandarasi. Pampu imeungua, foleni ya ndoo imefika hadi kwenye mbuyu, naye anakuja kwa wakati wake, maana mkataba ulimlipa kila alipofungua pampu. Kadiri ilivyoharibika ndivyo alivyokula. Simlaumu sana, mkataba ndio uliomfundisha hivyo.

Mkataba wa utendaji unamlipa kwa muda ambao mtambo umefanya kazi. Si jambo jipya. Mwaka 1962 kampuni ya Bristol Siddeley ya Uingereza ilianza kuwatoza wenye ndege kwa kila saa ambayo injini imeruka, spea na matengenezo vikawa juu yake.

Hatua ya 1: Pima kabla ya kusaini. Hapa ndipo wengi wanapojikwaa. Funga mita ya saa, ile inayohesabu saa ambazo pampu imezunguka, kwenye paneli ya kuwashia, kisha andika kila siku muda wa kuwasha, muda wa kuzima na usomaji wa dira ya maji. Fanya hivyo miezi mitatu, na Septemba na Oktoba ziwemo, maji yanapogombaniwa. Daftari langu limefungwa kwa waya nyuma ya mlango wa kibanda. Kurasa zimekuwa nyekundu kwa vumbi, lakini bishano lolote linaishia hapo.

Hatua ya 2: Chagua vipimo vichache. Cha kwanza ni saa za kuwa tayari. Pampu inayotakiwa saa 10 kwa siku, kwa siku 30 ni saa 300. Ukiandika asilimia 95, umemruhusu asimamishe saa 15, yaani siku moja na nusu ya maji. Waulize akina mama wanaobeba ndoo kama wanaikubali. Cha pili ni lita kwa saa, kwa sababu pampu iliyolika inaweza kuzunguka kutwa nzima na tenki lisijae.

Hatua ya 3: Ada ya mwezi iwe kamili akifikia kiwango, ipungue akishuka, na punguzo liwe na ukomo. Ukimkamua hadi sifuri atakimbia, au atapandisha bei tangu kwenye zabuni. Mkataba uwe wa miaka mitatu hadi mitano. Kwa mwaka mmoja hana sababu ya kununua spea nzuri.

Hatua ya 4: Gawaneni hatari. Umeme wa gridi ukikatika, au kisima kikishuka maji, saa hizo asihesabiwe. Lakini mota ikiungua kwa kukosa fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu za umeme, wakati kifaa cha kuilinda kilikuwa juu yake kufunga, hiyo ni yake.

Hatua ya 5: Andika pampu itarudishwa ikiwa katika hali gani. Bila hivyo, miezi ya mwisho atabandika viraka tu.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Sisi Kongwa tuna pampu moja tu ya sola. Mkataba huu unatufaa?

Marahaba. Peke yake ni ndogo, safari za fundi zitameza ada yote. Unganeni na jumuiya za jirani, mkae na RUWASA, wakala wa maji vijijini, ofisi ya wilaya, mtoe visima kadhaa kwa mkataba mmoja. Na kwa sola hesabuni saa za jua tu.

Kaka, mita asome nani?

Msome wote wawili, jumuiya na mkandarasi, siku ileile, msaini ukurasa mmoja. Anayelipwa asisome peke yake hata mkiwa ndugu.

Pampu yetu ni kuukuu, mkandarasi anaogopa kuibeba.

Ana haki ya kuogopa, dada. Itoeni kisimani mkiwa pamoja, mwangalie mota, nyaya na mabomba, kila kasoro iandikwe. Kinachohitaji kubadilishwa kibadilishwe kwanza kwa fedha ya jumuiya. Saa za mkataba zianze kuhesabiwa siku pampu itakaporudi chini.