Kabla hujagusa swali la jumla na zao la ruti za kwadratiki

Nyie wa fomu faivu mnaokuja twisheni hapa Ng'ambo, Tabora, hili swali ni maksi za bure kabisa ila kila msimu kuna watu linawala, sasa kabla hujaandika kitu zingatia haya.

Kwenye ax² + bx + c = 0, jumla ya ruti zake mbili (thamani za x zinazotimiza mlinganyo), tuziite alfa (α) na beta (β), ni −b/a, zao lao ni c/a. Alama ya kutoa iko kwenye jumla tu. Na a kama sio 1 gawa, usijitie haraka.

Kubwa kuliko yote: panga mlinganyo kwanza, vyote upande mmoja, sifuri upande wa pili. Kuna dogo mmoja hapa, hesabu anazijua kweli, alikutana na 2x² + 3 = 6x kwenye mtihani, anatakiwa apate α² + β² bila kutafuta ruti zenyewe. Akazoa 2, 3, 6 kama zilivyofuatana akaziita a, b, c. Jumla −3/2, zao 3, akatia kwenye (α + β)² − 2αβ ikatoka 9/4 − 6, yaani −15/4, akapiga mstari chini akasonga mbele na kipengele cha mlinganyo wenye ruti 1/α na 1/β kwa namba zilezile mbovu. Swali zima likaenda na maji. Ukipanga unapata 2x² − 6x + 3 = 0, jumla 3, zao 3/2, jibu 9 − 3 = 6, na ule mlinganyo mpya ni 3x² − 6x + 2 = 0, kofishenti zimejigeuza tu nyuma mbele.

Utasema angekagua kwa b² − 4ac, ile inayoonyesha ruti ni za aina gani. Wapi! Kwa namba zake ingetoka −39, angeambiwa ruti sio namba halisi, basi jibu hasi angeliona halali. Kagua kwa swali lilivyoandikwa, sio kwa a, b, c zako: x ikiwa 0 kushoto ni 3 kulia 0, ikiwa 1 kushoto 5 kulia 6, ina maana pande mbili zimepishana hapo katikati, ruti halisi ipo, na vipeo vya pili vya namba halisi haviwezi kujumlishwa vikatoa hasi.

Mengine madogo madogo, α³ + β³ ni (α + β)³ − 3αβ(α + β), watu wanaisahau ile 3. Alfa yako isifanane na a. Na ukiambiwa usitafute ruti, usitafute, hata kama kalkuleta iko mkononi.