Fundisha kompyuta kusoma: mahali gani pako kisiwa gani

Tunataka kompyuta isome maandishi ya mtandaoni, itoke na jozi: jina la mahali na kisiwa palipo. Python (lugha ya kuandikia programu) na laptopu ya kawaida zinatosha.

Hatua ya 1. Pakua Wikipedia ya Kiswahili. Inaruhusiwa kuchukuliwa yote kwa mkupuo. Safisha alama za kurasa, weka sentensi moja kila mstari.

Hatua ya 2. Andika mbegu, yaani jozi chache usizo na shaka nazo: Shela–Lamu, Matondoni–Lamu, Siyu–Pate, Faza–Pate, Takwa–Manda. Usione ni kidogo. Sergey Brin, mmoja wa waanzilishi wa Google, alipovuna kwa njia hii majina ya vitabu na waandishi mwaka 1998, alianza na vitabu 5 tu na waandishi wao.

Hatua ya 3. Iambie programu itafute kila sentensi yenye majina yote mawili ya jozi, ihifadhi maneno yaliyo katikati. Hayo ndiyo kiolezo. Hapa miongozo iliyoandikwa kwa ajili ya Kiingereza haitakufaa sana, maana kijiji *kiko*, mji *uko*, magofu *yako*. Ukiviacha hivyo, kiolezo kimoja kinahesabiwa kuwa vitatu na kila kimoja kinakosa kura. Viunganishe (alama | maana yake "au"):

`(ki|u|i|ya)(ko|po) (katika|kwenye) kisiwa cha`

Ongeza na "kisiwani", kwa kuwa wengi huandika "Siyu, kisiwani Pate" na kupita. Pia weka orodha ya majina pacha, la sivyo Amu na Lamu vitakuwa visiwa viwili, na wenyewe watakucheka.

Hatua ya 4. Chuja violezo kabla hujavitumia. Usikimbilie hatua hii. Tuseme programu imekuta "boti kutoka Shela hadi Lamu". Itajifunza kwamba "hadi" huunganisha mahali na kisiwa chake. Kisha itakuta "kutoka Mokowe hadi Lamu", na Mokowe iliyo bara itahamishiwa kisiwani. Mzunguko unaofuata, "Mpeketoni hadi Mokowe" itaigeuza Mokowe yenyewe kuwa kisiwa.

Hata wakubwa yamewapata. NELL, programu ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon iliyoanza kusoma wavuti usiku na mchana mwaka 2010, iliviweka vidakuzi vya intaneti pamoja na vitu vya kuokwa, kwa kuwa kwa Kiingereza vinaitwa sawa na biskuti (cookies). Baadaye mafaili ya kompyuta nayo yakaingia tanurini.

Kwa hiyo weka masharti mawili. Kiolezo kiungwe mkono na mbegu za visiwa visivyopungua viwili. Na mahali pamoja pasiwe kwenye visiwa viwili; kiolezo kinachozaa migongano hiyo kitupe. Mimi "hadi" huipiga marufuku tangu mwanzo.

Hatua ya 5. Tumia violezo vilivyobaki kuvuna jozi mpya, zipitie kwa macho, nzuri zigeuze mbegu, rudi hatua ya 3. Usiweke sheria ya kukataa jozi yenye jina moja pande zote mbili: mji wa Pate uko kisiwa cha Pate.